Kifaa cha Tatu

Alasiri ile ndani ya nyumba ya Nanyori kulikuwa na vifaa viwili tu vya kutumia intaneti, simu yake na tableti ya mtoto. Ruta, kisanduku kinachogawa intaneti, ikaonyesha kwenye simu yake kuwa vipo vitatu.

Alidhani ni jirani. Mji wa Ngaramtoni wa sasa si ule wa zamani. Tangu kampuni za intaneti ziruhusiwe kushindana, nguzo moja inabebeshwa waya za kampuni tatu, na siku ya soko vijana wenye fulana za rangi wanagonga mageti kuuza kasi kama wengine wanavyouza mbuzi. Nani asiyependa kudandia waifai ya mwenzake? Nanyori akagusa jina la kile kifaa cha tatu ili akifungie nje, na kidole kikabaki hewani. Kiliandikwa: Simu ya Baba Eve.

Baba Eve alikuwa mume wake, na alikuwa na miezi minane kaburini.

Jina lake hasa mimi silitaji. Watu wa upande ule wa Mlima Meru, wenye kuzungumza Kimaa, hawamwiti marehemu kwa jina. Wakishamzika wanasema baba fulani, mtoto wa fulani, yule wetu. Ni Walutheri wazuri, Jumapili hawakosi, lakini hilo hawajaliacha, na msomaji anayeona ni ushamba anivumilie kidogo.

Nanyori alifungua kabati. Simu yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki waliyopewa na polisi, kioo kimesagika, betri haipo, maana ilipitiwa na lori lile lile lililompitia mwenyewe kwenye barabara ya Nairobi. Akaishika. Ilikuwa baridi, imekufa kabisa. Akairudisha mahali pake, akaketi kitandani, na badala ya kuogopa akalia.

Mambo yalikuwa yameanza wiki tatu nyuma. Kampuni ya intaneti ilituma sasisho kwenye ruta za wateja wake bila kumuuliza mtu, na kulipokucha nyumba haikuwa na mtandao. Nanyori ni fundi cherehani wa nguo za harusi, na wateja humtumia picha za mishono kwa simu, kwa hiyo siku bila mtandao kwake ni siku ya kukaa tu. Akazima ruta, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Taa ziliwaka vizuri zote, ila simu haikuliona tena jina la waifai ya nyumbani. Mahali pake palikuwa na herufi na namba zisizo na maana.

Jina lililopotea lilikuwa la mumewe. Alikuwa fundi wa mitandao, na siku alipofunga ruta ile aliandika jina lake mwenyewe kwa majigambo, akasema kila atakayekaa sebuleni kwake sharti apitie kwake kwanza. Nanyori alimcheka sana siku hiyo. Alipokufa, kuliona jina lile kwenye simu kila asubuhi ndiyo ilikuwa salamu pekee aliyobaki nayo.

Akamwita Rodrick, Mchaga wa Machame aliyekuwa akifanya kazi na marehemu. Alikuja siku hiyo hiyo na begi lake la vifaa.

"Sasisho limefuta mipangilio yote, shemeji," alisema, amechuchumaa mbele ya ruta. "Imerudi ilivyotoka kiwandani. Si tatizo. Unaweza kuliacha jina hili la namba, linafanya kazi vilevile. Au nikuwekee lingine. Niandike nani?"

Nanyori akanyoosha mkono kuichukua simu aliyoishika Rodrick.

"Lete niandike mwenyewe."

Aliandika jina la mumewe kwa kidole, herufi moja moja. Alijiambia kuwa kuandika si kuita. Mdomo wake ulikuwa haujasema kitu. Rodrick, ambaye kwao marehemu hutajwa kwa jina hata kwenye chakula, hakuona neno. Akabonyeza pa kuhifadhi. Ruta ikazima, ikawaka, na kwenye kochi, upande wa dirishani, mto ukabonyea taratibu.

Rodrick alikuwa anafunga begi. Nanyori aliona, akasema moyoni kwamba sponji imezeeka.

Sasa, baada ya kukiona kifaa cha tatu, alijua kuwa si sponji. Wengine watamlaumu, mimi siwezi. Mwanamke aliyefiwa akiambiwa mumewe yuko sebuleni, atakimbilia wapi? Hakukifungia nje. Kila siku saa kumi alasiri, saa aliyokuwa akirudi kutoka kazini, kifaa kilitokea kwenye orodha, na sebule ikajaa harufu ya koti lake la mvua, na chini ya harufu hiyo kukawa na nyingine, ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Nanyori alivuta cherehani karibu na kochi, akashona na kumsimulia habari za mchana. Hakujibiwa kamwe. Alikuwa na furaha ambayo hakuthubutu kumwambia mtu.

Lakini Evelyn, mtoto wao wa pekee mwenye miaka sita, naye alikuwa anakaa kwenye kochi lile. Kwanza aliacha uji, kisha akaacha kucheza, kisha mwalimu akapiga simu kusema mtoto anasinzia darasani na mikono yake ni ya baridi mno, na hospitali wakapima malaria hawakuona, wakapima taifodi hawakuona, wakasema damu inapungua wiki hadi wiki na wao hawaelewi inakwenda wapi, na Nanyori alimbeba mgongoni kurudi nyumbani akihisi uzito wake umekuwa wa mtoto wa miaka mitatu.

Jioni ya siku hiyo alitaka kuingiza jiko la mkaa sebuleni, maana ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka hadi barabarani.

"Mama, taratibu," Evelyn alinong'ona. "Baba amelala."

"Amelala wapi?"

"Hapa. Anasikia baridi. Ananiomba nimkumbatie."

Nanyori aliliweka jiko chini. "Na wewe unamkumbatia?"

"Kila siku. Lakini hapati joto."

Nanyori alimnyanyua mtoto, akatoka naye nje, akampigia simu mama mkwe wake, Koko Nkasiogi wa Olmotonyi; koko kwao ni bibi.

Bibi alifika kesho yake mchana, na kibuyu cha maziwa na fungu la majani mabichi chini ya shuka lake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akinusa.

"Shikamoo, Yeyo," Nanyori alisema, akimwita mama kama wanavyoitana kwao.

"Marahaba. Nani amemwita mwanangu?"

"Sijamtaja, Yeyo. Haki ya Mungu sijamtaja." Kisha akaionyesha ruta, akaeleza yote, sauti ikizidi kuwa ndogo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Lile la kwanza aliliweka yeye, akiwa hai. Halikuwa na neno. Lilipofutika, alipumzika. Hili la pili umemwita wewe."

"Kwa hiyo ni yeye?" Nanyori aliuliza haraka mno.

"Si yeye! Ukiliita jina la marehemu linaitika jini lililo karibu, linalivaa hilo jina, linaingia. Mwanangu hawezi kumnyonya mtoto wake. Utaona leo tukilifukuza. Jini halitoki kwa hiari. Litavunja vyombo, litapiga mayowe, litamrusha mtoto. Mwite yule Mchaga aje amshike."

Rodrick alikuja, amepauka. Alimpakata Evelyn, akamfungia mikono kifuani kwake. Ilipotimia saa kumi, harufu ya koti ikaingia, kisha ile ya udongo, na mto wa kochi ukabonyea. Koko Nkasiogi akachovya majani kwenye maziwa, akaanza kuzunguka sebule akinyunyiza na kusali kwa Kimaa, mara akimwita Yesu, mara akilitukana jini na ukoo wake wote.

"Futa!" alisema.

Nanyori alishika simu, akafika kwenye lile jina, akafuta herufi ya mwisho, na ya kabla yake, na machozi yalikuwa yanadondokea kioo hata kidole kikawa kinateleza na kugusa pasipo pake, akapangusa kwa kitenge, akafuta tena, na huku akihisi ubaridi ukimsogelea begani na kutulia hapo kama mtu anayesoma pamoja naye, bila kumzuia, mpaka nafasi ikawa tupu kabisa, akaandika namba za kiwandani na kuhifadhi.

Ruta ikazima. Wakasubiri.

Hakuna kilichovunjika. Mto wa kochi uliinuka polepole. Harufu ya koti ikapita karibu na Nanyori, ikasimama kidogo mbele ya Evelyn, kisha ikaelekea mlangoni. Kitasa kikashuka, mlango ukafunguliwa, ukafungwa kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuamsha watoto. Wakasikia hatua kwenye kokoto, komeo la geti likiinuliwa, geti likifungwa, komeo likirudishwa mahali pake.

Rodrick alikuwa bado amemkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, na hakukuwa na wa kupigana naye.

"Mama," Evelyn alisema, mashavu yameanza kupata rangi, "nina njaa."

Nanyori alikimbilia jikoni, akarudi na bakuli la wali na kijiko. Mtoto akaketishwa kwenye kochi, akala kwa pupa. Rodrick akacheka kwa woga. "Limekwenda, bibi. Wala halikupigana."

Koko Nkasiogi hakucheka. Majani yalikuwa yanadondosha maziwa miguuni pake.

"Amefunga geti," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Jini halifungi geti." Aligeuka kutazama mlango. "Ameitwa akaja. Amefukuzwa akaondoka. Alikuwa anasikia baridi tu, na mimi mama yake nimemtukana."

Nanyori aliona alichotaka kufanya bibi kabla hajakifanya. Bibi alitupa kibuyu, akatoka mbio pekupeku, shuka likiburuta nyuma yake, akaling'ang'ania geti kwa mikono miwili, na kule kwenye ukungu ulioificha barabara akaliita jina la mwanawe, lote, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto arudi nyumbani kula.

Sebuleni taa ya ruta ikaanza kupepesa. Evelyn akaweka kijiko chini, akasogea upande mmoja wa kochi kumpisha mtu. Nanyori alipaswa kumnyakua mtoto palepale. Alisimama akiangalia mlango, amejaa furaha hata akaona haya, na alimsikia bibi akiita mara ya pili, asimkataze.