Kisima Chini ya Vyoo

Fyuzi kuu ilikuwa mfukoni mwake, na bado testa iliwaka.

Aliitazama ile taa nyekundu ndani ya bisibisi yake ya kupimia umeme, akaondoa ncha kwenye waya, akaigusisha tena. Ikawaka tena. Waya wenyewe alikuwa ameukata asubuhi ile kwa mkono wake mwenyewe, na ncha zake zote mbili zilining'inia ukutani bila kuunganishwa na kitu. Akapapasa mfuko wa ovaroli. Fyuzi ipo. Jumba zima halikuwa na umeme hata wa kuwashia redio.

Watu walimwita Testa kwa sababu hakuwahi kukishika kitu kabla ya kukipima, iwe waya, iwe chai, iwe ahadi ya mtu. Mumewe, fundi bomba, walimwita Spana. Siku ya harusi wenzao wa kazini walicheka mpaka machozi, wakisema hawa wakizaa, mtoto atatoka na boksi la vifaa. Mtoto alitoka mikono mitupu kama watoto wengine, msichana, na sasa alikuwa darasa la kwanza. Kwa miaka tisa mke na mume walifanya kazi pamoja, mke akivuta nyaya, mume akifunga mabomba, wakigombana kila siku juu ya nani atangulie kutoboa ukuta.

Jumba hilo la jamii lilikuwa kuukuu. Lilikuwa na ukumbi, chumba cha kupimia watoto wachanga, chumba cha mafunzo ya ushonaji na jiko, na vyote vilikuwa vimefungwa ili wao wawili wabadilishe mfumo mzima. Mabomba ya chuma yalikuwa yameoza kwa kutu hata maji yakitoka yana rangi ya chai ya rangi. Nyaya zilikuwa bado zimeviringishiwa kitambaa, na kitambaa kilipukutika ukikigusa.

Testa alikwenda vyooni kumweleza mumewe habari ya waya. Vyoo vile havikuwa na dirisha hata moja. Saa nne asubuhi Spana alikuwa akifanya kazi kwa tochi. Alimsikiliza, akasema labda umeme uko mwilini mwa mke wake, maana mkewe akikasirika humpiga shoti hata yeye. Kisha akaacha kutabasamu. Akamwonyesha bomba la chuma alilolikata sakafuni. Koki kuu ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu, bomba lilikuwa kavu. Akamwambia aweke kiganja mdomoni mwa bomba.

Testa aliweka. Hewa ya baridi ilimgusa kiganja, ikiwa na harufu ya nywele zilizofungwa zikiwa mbichi. Kisha hewa ile ikarudi ndani, taratibu, ikamvuta ngozi. Ikatoka tena.

"Inaingia na kutoka," Spana alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana."

Walikubaliana kuwa ni upepo, kwa kuwa ilibidi wakubaliane juu ya kitu. Mchana wa siku hiyo Spana alipopiga nyundo katikati ya sakafu, nyundo ilirudisha mlio wa uwazi. Chini ya vigae kulikuwa na kifuniko cha zege, kama cha kisima cha zamani, na juu ya kifuniko vyuma vinene vilivyolazwa vikikatana, vimechomelewa na kuzama kwenye saruji. Kifuniko cha kisima hakihitaji vyuma kama vile. Testa alisema wasiendelee mpaka wamuulize mwenyekiti wa kamati ya jumba. Mama yule alijibu kwa simu kuwa hakuna anayejua habari ya kisima, kwamba akina mama wanapima watoto wao barazani kwenye jua, na kwamba angeshukuru kazi isisimame. Bomba jipya la maji machafu lilipaswa kupita pale pale, hakukuwa na mteremko mwingine wa karibu. Spana akakata vyuma, akavunja.

Testa alitoka kuchukua roli la waya kwenye gari. Hakukaa dakika tano. Aliporudi alimkuta mumewe amepiga magoti, kichwa na mabega vimezama ndani ya tundu, na alikuwa akizungumza pole pole, akinyamaza, akizungumza tena, kama mtu anayejibu maswali ofisini. Testa alimshika mkanda wa suruali akamvuta kwa nguvu zote. Kichwa cha Spana kilitoka kimelowa chapachapa, maji yakimtiririka masikioni, ilhali tochi ilionyesha kuwa maji ya kisima yako mbali chini, meusi na yametulia.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si wewe?" alisema Spana. "Uliniuliza jina langu. Nikakwambia."

Kuanzia jioni hiyo mambo nyumbani yalianza kwenda kombo. Spana alikunywa maji ndoo nzima, amesimama, bila kupumua. Aliketi bafuni na nguo zake, mlango wazi, akitazama bomba. Kesho yake Testa alimwona ameshika spana kichwa chini, akiigeuzageuza kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Mtoto alikataa kukaa karibu naye. Alisema baba ananuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo, na alipoambiwa hayo si maneno mazuri, akasema basi arudi baba wa zamani.

Siku ya tatu, adhuhuri, Spana alilala kwenye kochi. Testa alisimama juu yake kwa muda mrefu. Kisha alitoa bisibisi mfukoni, akamgusa mumewe kwenye mshipa wa mkono, polepole, kama anavyogusa waya asioujua.

Taa ikawaka.

Alimpeleka hospitali, daktari akampima, akasema ni uchovu na apumzike. Alimpigia simu mama yake mwenyewe. Mama alilia tu. Alipokosa pa kushika alikwenda kwa shangazi yake Spana, mwanamke mwenye miwani minene aliyekuwa akishona sare za shule, ambaye watu walimletea wagonjwa wao wenye majini wakati akiendelea kukanyaga cherehani. Testa hakuwa akiamini mambo yale. Alianguka miguuni pa Shangazi kabla hajamaliza salamu.

Shangazi alisema aliyeingilia mlango fulani hutolewa kwa mlango huo huo. Wakampeleka Spana jumbani saa saba mchana, huku nje watoto wachanga wakilia kwenye mizani. Vyooni kulikuwa na giza tupu. Shangazi alimketisha mgonjwa ukingoni mwa tundu, akamwekea kiganja utosini, akamuuliza aliyemo ndani ni nani na anataka nini.

Jibu lilitoka mahali pawili kwa pamoja, kinywani mwa Spana na chini kisimani, sauti moja ikiifuata nyingine kwa karibu sana. Lilisema limekaa pale tangu kabla ya jumba, kwamba watu wamekuwa wakinywa maji liliyoogea, wakawapa watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyesema asante. Lilisema halina kinyongo. Linataka tu kuketi mahali pakavu.

Shangazi alianza kuamuru. Aliamuru kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa sauti ambayo Testa hakuwahi kuisikia kwa binadamu, na mabomba yote ya zamani ndani ya kuta yakaanza kugongana, vyooni, kisha jikoni, kisha ukumbini, kana kwamba mtu anakimbia ndani yake akitafuta pa kutokea, na nyaya zilizokatwa zikatoa cheche za buluu ukuta mzima bila umeme wowote, na harufu ya nywele mbichi ikajaa mpaka Testa akaihisi kooni, na Shangazi akapaza sauti akisema toka, wewe uliyemo humu, toka sasa hivi, na Spana akajikunja, akapiga ukelele mmoja mrefu wa huzuni zaidi kuliko wa hasira, na kitu kizito ambacho hawakukiona kikaanguka kisimani, maji yakaruka mpaka ukingoni.

Kimya. Spana alifungua macho, akaangaza huku na huku, akauliza mtoto yuko wapi.

Testa mwenyewe ndiye aliyechanganya zege siku hiyo. Alirudisha vyuma, akafunika, akasawazisha, huku akilia na kucheka. Bomba la maji machafu walilizungusha nje ya ukuta, mwendo mrefu, na hakuna aliyelalamika.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za raha. Spana alikumbatia watu. Alifanya kazi bila kuchoka, akibeba peke yake mabomba ambayo zamani yalitaka watu wawili. Harufu iliisha, na mtoto akakubali tena kupanda mgongoni kwake. Testa alikuwa ameifungia bisibisi yake kwenye droo. Alijiambia kuwa haihitaji tena, lakini moyoni alijua ni mara ya kwanza maishani anaogopa kupima kitu.

Siku ya kufungua maji alikwenda jumbani mapema, peke yake. Aliwasha taa mpya. Vyoo vikang'aa vyeupe, vigae vipya, masinki mapya. Koki kuu ilikuwa imefunguliwa. Akafungua bomba la kwanza. Lilikohoa hewa, likatema, likanyamaza. Kisha likasema, "Mama mtoto."

Testa alilifunga. Alisimama akishikilia sinki. Akalifungua tena.

"Nina baridi," ilisema sauti ya mumewe, mbali sana, ikija na kupotea kama simu mbovu. "Nilimsikia Shangazi akisema toka, uliyemo humu. Nikatoka mimi."

Testa alimpigia simu Shangazi, naye akaja akihema, sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake. Alitega sikio kwenye bomba kwa dakika nyingi. Alipoinuka hakuweza kusimama sawasawa, akaketi sakafuni penye vigae vipya, akavua miwani.

"Walikuwamo wawili ndani ya mwili ule," alisema. "Mimi nikaamuru tu. Aliyetii ni yule aliyelelewa kuwatii wakubwa."

Testa alikwenda kwenye boksi la vifaa. Alichukua tindo na nyundo, akapiga vigae, vikaruka vipande vipande. Alipiga mpaka adhuhuri, mpaka viganja vikachubuka, akafika kwenye zege lake mwenyewe, akalilaani kwa uimara wake, akapiga tena, na hatimaye ufa ukafunguka kati ya vyuma, mwembamba, na baridi ikapanda kupitia ufa ule.

"Vunja tu," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa mlangoni, yule aliyebaki na mwili wa mumewe, amevaa ovaroli safi, amemshika mkono mtoto aliyetoka naye shuleni, begi likiwa bado mgongoni. Hakuonekana kukasirika. Alizungumza kama fundi anayemweleza mteja.

"Vunja, mtoe. Ila kisima hakikai kitupu. Anayetoka, mwingine anaingia. Mimi sirudi, nimekaa kule vya kutosha." Akahamisha mkono wake, akauweka begani kwa mtoto. "Huyu ni mdogo. Hatabanana."

Shangazi alianza kusema maneno yake, lakini yalimkwama, akashika shingo na kukohoa maji. Testa alibaki amepiga magoti, nyundo hewani, akimtazama binti yake ambaye alikuwa akishangaa taa mpya, na kwa muda ule akatafuta kichwani kila njia anayoijua mtu mwenye mikono na akili, kumvamia, kumdanganya, kukimbia, kuingia yeye mwenyewe na kumwacha mtoto alelewe na kitu kile, na kila njia aliyoipima ilimrudisha kwenye mkono ule ulioko begani.

Kwenye ufa sauti ikauliza, karibu sasa, nani yuko hapo juu.

"Mimi," alisema Testa. "Na Shangazi. Na yeye." Akashusha nyundo. "Amemleta mtoto."

Maji yalisikika yakigonga mawe.

"Funika," alisema Spana.

"Siwezi."

"Funika, mama mtoto. Kabla mtoto hajachungulia."

Mfuko wa saruji ulikuwa pembeni, umebaki nusu. Testa alimwaga saruji na mchanga sakafuni, akachimba shimo katikati, akachota maji kwenye bomba lile lile. Alipotupia mwiko wa kwanza kwenye ufa, mumewe alizungumza tena, kwa sauti ile ile ya kazini ya miaka tisa, ya kumsahihisha bila kumuumiza.

"Maji yasizidi. Yakizidi itapasuka."

Akapunguza maji. Akatupia mwiko wa pili, wa tatu. Spana alikuwa akisema kitu kuhusu kushindilia pembeni kwanza, na yeye akashindilia pembeni kwanza, na maneno yakazidi kuwa madogo kadiri ufa ulivyozidi kuziba, mpaka alipopitisha mwiko mara ya mwisho na hakusikia kitu ila mwiko.

Mtoto aliuliza kwa nini mama analia.

"Vumbi la saruji," alisema yule mtu kwa sauti nzuri ya mumewe. Alimsaidia Testa kuinuka, akampangusa magoti, akachukua boksi la vifaa. Kisha wakaenda nyumbani, mtoto katikati, amewashika wote wawili mikono.