Sahani ya Mama Edah

Wabwile anakubali mwenyewe: kosa lilikuwa lake, tena alilifanya huku akicheka.

Ilikuwa mwaka wa 1988, huko nje ya Kitale. Mke wake, Nekoye, alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila jioni wakiketi kula, Wabwile aliangalia sahani ya mke wake, kisha akarudisha nusu ya ugali kwenye sinia.

"Punguza, Mama Edah," alisema. "Usije ukanizalia chifu mzima na kitambi chake."

Nekoye alicheka. Njaa ilibaki.

Sheria hiyo ilitoka Misikhu, kwa mama yake Wabwile. Aliwaambia wake wa wanawe wote: mwenye mimba akila sana, mtoto atakuwa mkubwa na atakwama. Mayai ndiyo asiguse kabisa. Nekoye alifuata sheria hiyo katika mimba ya kwanza. Edah akazaliwa na kilo moja na nusu. Alikaa hospitali wiki tano, hana nguvu hata ya kunyonya. Watu walisema ni baridi.

Asubuhi moja Chepkemei, nesi wa zahanati na jirani yao, alikuja kuazima jembe. Alimkuta Wabwile akimchanganyia ng'ombe wake unga na molasi. Ng'ombe huyo aliitwa Ofisa.

"Leo Ofisa ana sherehe?" Chepkemei aliuliza.

"Si ana mimba, sista. Amebakisha miezi miwili. Hata kumkamua nimeacha. Ukimnyima chakula saa hii, atazaa ndama kama paka."

Hapo Nekoye akafika kutoka mtoni na debe la maji kichwani. Alilitua, akashika ukuta, akahema. Kisha akatoa mfukoni kipande cha udongo mweupe, ule wa kununua sokoni, akauma.

Chepkemei alimsogelea, akavuta kidogo ngozi ya chini ya jicho lake. Ndani kulikuwa kweupe, damu haionekani.

"Wabwile, nina swali."

"Uliza, sista."

"Hapa nyumbani umeoa nani? Nekoye ama Ofisa?"

Wabwile alitaka kucheka. Kicheko kikakataa kutoka.

"Mama Edah, jana ulikula nini?" Chepkemei aliuliza.

"Chai. Na jioni ugali kidogo na mboga."

"Mayai je?"

"Mama alikataza. Ati mtoto atakwama."

Chepkemei aliketi juu ya kigoda. "Edah hakushikwa na baridi tu. Alizaliwa kama hajashiba. Mtoto wa tumboni hana sahani yake. Sahani yake ni hii ya mama. Akizaliwa chini ya kilo mbili na nusu, anaanza maisha akiwa nyuma. Anachoka kunyonya, na ugonjwa unamshika haraka."

"Lakini akiwa mkubwa, si mama ataumia?" Wabwile aliuliza polepole. Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa akiifunika kwa mzaha.

"Kumnyima chakula hakufungui njia, bana. Kunamwondolea nguvu za kuzaa. Kama njia ni ndogo, sisi tunaona mapema kliniki, anazalia hospitali. Na si chakula peke yake. Malaria ikimshika mama, mtoto anakonda huko ndani. Madebe haya nayo yanamchosha. Halafu ukiona anatamani udongo hivi, pengine damu imepungua. Na udongo wenyewe unaleta minyoo."

Wabwile aliangalia unga wa Ofisa. "Sista, tumechelewa?"

"Miezi mitatu bado iko. Kesho nataka kuwaona kliniki. Wote wawili."

Walienda. Nekoye alipimwa damu, akapewa tembe za kuongeza damu na dawa ya malaria. Aliambiwa asizimeze na chai, azimeze na maji, ale na chungwa au papai.

Debe la maji likawa la Wabwile. Kule mtoni wanaume walimcheka. "Wabwile, umeolewa lini?"

"Siku ile nesi aliniuliza nimeoa nani," aliwajibu, akajitwika.

Jioni sahani ya Nekoye ilijazwa kwanza: ugali, maharagwe, sukuma, siku nyingine omena, siku nyingine yai. Wiki ya kwanza Nekoye alikula yai akiangalia mlango, kama mwizi. Wiki ya tatu aliomba la pili. Udongo akausahau.

Mtoto alizaliwa hospitalini Kitale, msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili.

"Mpimeni tena," Wabwile aliomba. "Hii mizani isije ikawa inanipendelea."

Walimpima tena. Kilo tatu na gramu mia mbili. Walimwita Jentrix.

Ofisa naye alikuwa amezaa. Wabwile alimpelekea Chepkemei chupa ya maziwa. Njiani alipanga mizaha mitatu. Alipofika mlangoni yote ilimpotea. "Asante, sista," alisema. "Asante sana."

Mama yake alikuja kutoka Misikhu. Alimkuta Nekoye anakula yai. Alimbeba Jentrix, akamwinua mara mbili.

"Huyu mzito," alisema. "Na amemtoka mama yake salama. Edah hakuwa hivi."

"Edah hakulishwa tumboni, Mama. Mimi ndiye nilikuwa narudisha ugali kwa sinia."

Mama alimtazama Jentrix usoni. Jentrix alimshika kidole, akakaza.

Wabwile alimsogelea mama yake. Huko Misikhu mke wa ndugu yake Mukhisa alikuwa na mimba ya miezi minne, na jioni sahani yake ilikuwa nusu.

"Mama, ukirudi nyumbani, mwambie mke wa Mukhisa ale. Mwambie ni wewe umesema."