Kisigino cha Kulia

Haya yalimpata Agnela, rafiki yetu anayeshona sare za shule kule Kaloleni. Siku hizi hata ngazi za ghorofa anazipanda akiwa ameshika ukuta.

Vijana wa usharika wao walipopanga kupanda Mlima Meru, yeye, ambaye hakuwahi kupanda mlima, alinunua buti za mtumba sokoni Ngarenaro. Zilikuwa nzima, ila kisigino cha kulia kilikuwa kimemeguka pembe. Mzee Eliamini, aliyewaongoza, aliziona akaguna.

"Mwanangu, hizi unajua zilikotembea?"

"Zimenienea, mzee," alisema, akacheka.

Wakati wa kushuka, mchana kweupe, ukungu ulifunga mpaka kukawa giza. Agnela aliinama kufunga kamba ya buti, na alipoinuka wenzake hawakuwepo. Aliita, kimya. Kisha akasikia mtu akitembea mbele yake juu ya majivu ya mlima, kwacha, kwacha, taratibu.

"Mzee?"

Hatua zikasimama. Aliposogea, nazo zikasogea. Akazifuata mpaka filimbi ilipolia nyuma yake.

"Agnela! Simama hapo hapo!"

Mzee alimfikia akihema, akamkamata mkono. Upepo ukapasua ukungu. Hatua tatu mbele yao mlima ulikuwa umekatika, na chini hakukuonekana kitu.

Kwenye majivu yenye unyevu mbele yao, ambako Agnela hakuwa amefika, nyayo zilikwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Hakuna iliyorudi. Mzee Eliamini alizitazama, kisha akatazama miguu ya Agnela.

Kila unyayo wa kulia ulikuwa umemeguka pembe kisiginoni.