Nondo ya Ethi

Udongo ulikuwa wa moto. Ndivyo kilivyoanza kisa hiki, na wahandisi waliokuja mafunzoni na vyeti vyao wakapita wakicheka. Wasomi, bwana! Nyuma ya darasa walimofundishwa kusanifu mitambo ya umeme mkubwa palikuwa na kabati la umeme la chuma, la mazoezi, na kando yake nondo ya ethi, ile inayozamishwa ardhini ili umeme ukivuja uishie udongoni, usiue mtu. Tangu izamishwe, udongo wa pale ulikuwa na joto, ukinuka nywele zilizoungua.

Kisha Kitinda akaanguka darasani. Dada yake, mhandisi mwenzake, ndiye aliyemshawishi waje kwenye mafunzo. Macho ya Kitinda yaligeuka meupe, akatoa sauti ya kizee.

"Mmenichoma kichwani. Ng'oeni chuma chenu, ama huyu naondoka naye."

Wakamwita mganga. Alinusa udongo, akarudi nyuma haraka. "Mmeingilia nyumba ya mtu. Ng'oeni tu, jamani."

"Thubutu!" mkufunzi alifoka. Bwana Viwango, walivyomwita. "Kabati bila ethi ni jeneza. Viwango haviandikwi kwa ajili ya mashetani."

"Ni mdogo wangu, mwalimu," dada alinong'ona. "Nikirudi nyumbani nitamwambia nini mama?"

"Mwambie alikuwa mgonjwa."

Roho mbaya iliyoje! Mkufunzi alipokwenda kula, dada alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akapima kabati na kuona halina umeme, ndipo akaizungushia koti nondo ile ya moto, akaivuta, akaivuta tena, huku kitu kule chini kikihema kama mtu anayetolewa mwiba, na ile harufu ya nywele ikimjaa puani, mpaka nondo ikachomoka yote na udongo ukapoa papo hapo.

"Dada?"

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, macho yamerudi, akicheka kwa aibu. "Nimelala sana? Mbona unalia?"

"Njoo hapa, mdogo wangu, njoo," alisema, akimnyooshea mikono kwa furaha.

Kitinda akaja akipepesuka. Miguu haikuwa na nguvu bado, akanyoosha mkono ashikilie kabati.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa dada. Kufuli lilikuwa limefungwa. Kabati likaunguruma hata hivyo, umeme ukamshika, na Kitinda hakuwahi kupiga kelele.

Dada alipiga yeye, mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo aliposikia, kutoka shimoni, ile sauti ya kizee, taratibu, bila hasira:

"Ahsante, mwanangu. Kichwa hakiniumi tena."