Nyayo za Ilango Hekaluni

Rafiki yangu Ilango, mjuaji wa historia ya kila jiwe hapa Tamil Nadu, aliingia hekalu letu kuukuu na viatu, mchana kweupe, eti akapime ujia wa giza unaozunguka chumba cha mungu.

“Vua hayo madude, mwanangu,” Pechiammal, muuza maua wa mlangoni, alimwambia. “Na ukizunguka, mungu awe kulia kwako.”

“Mama, humo ni mawe tu.”

Bwege akazunguka kinyume. Gizani akasikia njuga za miguuni zikimjia, zikampita, na mtu hakuna. Akatoka mbio, bado anabisha.

Mimi na Pechiammal tukamulika vumbi la ujia. Yeye alizunguka mara moja tu, tena kinyume. Nyayo za viatu vyake zilikuwa tele, zote zimezunguka mungu akiwa kulia, na hata moja haikuelekea mlangoni.