Tilda na Kamba ya Bwawani

Jioni za wiki ile zilianza kwa namna moja nyumbani kwa kina Rasku. Tilda alirudi kutoka shuleni, akalitupa begi chini ya ngazi, akala mkate wa siagi ya karanga akiwa amesimama, kisha akaanza kutafuta miwani yake ya kuogelea.

“Mama! Umeiona miwani yangu?”

“Angalia kwenye jokofu,” mama yake alijibu kutoka sebuleni. “Jana niliikuta kando ya maziwa.”

Kweli ilikuwa kwenye jokofu. Tilda aliicheka miwani yake, akaivaa ingali baridi, akakimbilia kwenye gari ambako baba yake, Wade, alikuwa ameshawasha injini.

Ilikuwa Septemba, na mjini Duluth, si mbali na mpaka wa Kanada, huo ndio wakati ambao klabu za kuogelea hufungua milango. Kwa wiki moja watoto hujaribu klabu wanazozitaka, kisha kila mmoja huchagua moja ya kukaa nayo mwaka mzima. Tilda alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amejifunza kuogelea katika ziwa dogo nyuma ya nyumba ya bibi yake, na hakuwahi kuwa na klabu. Mwaka huu alikuwa na mbili za kujaribu: Papa wa Kaskazini, wenye bwawa kubwa na jaketi za kung’aa, na Fisimaji, wanaofanyia mazoezi kwenye bwawa la ghorofa ya chini ya shule ya zamani.

“Mama, hakuna haja ya kujaribu mbili,” Tilda alikuwa amesema. “Dessa yuko Papa. Yuko Kundi la Bluu, la wenye kasi kuliko wote. Nami nataka Bluu.”

“Utajaribu zote,” mama alisema. “Hata viatu huwa unajaribu pea mbili.”

Jumatatu jioni Papa waliwapima wageni. Kocha wao, Brandt, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Aliwaambia waogelee chali, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Tilda alitazama maji yaliyogawanywa kwa kamba ndefu zenye vidude vya plastiki vya rangi. Kuogelea chali hakukuwa jambo lake. Ziwani kwa bibi alipendelea kuogelea akiona anakokwenda.

Rafiki yake Dessa alimsogelea akanong’ona, “We, sikia. Kaa karibu na kamba. Mkono ukifika chini ya maji, ishike uivute. Utateleza kama sabuni.”

“Si ni kudanganya?”

“Aah, shoga! Kila mtu anafanya. Unataka Bluu au hutaki?”

Filimbi ikalia. Tilda alijilaza chali, akapiga miguu, na mkono ulipozama aliikamata kamba akaivuta. Mwili uliruka mbele. Akavuta tena, na tena, mpaka kichwa kilipokaribia ukuta. Kocha Brandt aliitazama saa yake, akainua nyusi.

“Rasku,” alisema. “Kundi la Bluu.”

Dessa alirukaruka. Baba, aliyekuwa jukwaani, alipiga mluzi hadi watu wakageuka. Walipofika nyumbani alimpigia bibi simu, na kesho yake alirudi kutoka kazini na picha kubwa ya papa wa bluu, akaibandika nyuma ya gari.

Jumanne ilikuwa zamu ya Fisimaji. Bwawa lao lilikuwa dogo, na sauti ndani yake ziligonga kuta zikarudi mara mbili. Kocha Nadine alikuwa mama mfupi mwenye kandambili za manyoya, na alizungumza kana kwamba wote walikuwa ng’ambo ya ziwa.

“Leo kamba zinatengenezwa!” alipaza sauti. “Tutaogelea chali bila kamba! Tazameni mstari wa darini, uwaongoze!”

Tilda alijilaza, akaanza. Aliutafuta mstari wa darini, akauona, akaupoteza. Ghafla kichwa chake kikagonga kitu laini. Kilikuwa tumbo la mvulana aliyeitwa Arvo.

“Karibu kwangu!” Arvo alisema. “Chai au kahawa?”

“Samahani! Niko wapi?”

“Ulianzia ukuta ule, sasa uko kona hii. Ulipitia Kanada?”

Watoto walicheka, na Tilda, ambaye alidhani atalia, alijikuta akicheka kuliko wote. Kocha Nadine alichutama ukingoni.

“Bega lako la kushoto limelala, mwanangu. Liamshe. La kulia linafanya kazi peke yake, ndiyo maana unazunguka.”

Tilda alijaribu tena, akapinda. Akajaribu tena. Safari ya mwisho aliamsha bega, mstari wa darini ukabaki juu ya pua yake, na mkono ukagusa ukuta aliokusudia kuugusa. Fisimaji wote wakapiga maji kwa viganja, ndivyo wanavyoshangilia, na Arvo akasema, “Leo sina mgeni!”

Alhamisi Tilda alifanya mazoezi na Kundi la Bluu. Kwa waogeleaji, anayekufikia kutoka nyuma akikugusa wayo, ujue anaomba njia. Unasimama pembeni ukutani apite. Tilda aliguswa wayo tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho. Alisimama, wakapita. Akaanza, akaguswa.

“Wewe ni kituo cha basi?” mvulana mmoja aliuliza. “Mbona kila mtu anasimama kwako?”

Kocha Brandt aliinama kwake. “Unaumwa, Tilda? Jumatatu ulikuwa na kasi nyingine kabisa.”

“Tumbo kidogo, kocha,” Tilda alisema. Halikuwa likimuuma. Lilianza kumuuma baada ya kusema hivyo.

Njiani kurudi, baba alizungumza juu ya jaketi za bluu, naye Tilda alitazama nje ya dirisha. Jumatatu inayofuata angetakiwa kumjibu Kocha Brandt kama anabaki Papa. Akikubali, angekaa Bluu mwaka mzima kwa kasi isiyo yake. Akisema ukweli, angeikosa Bluu, baba angeaibika, na Dessa angemnunia.

Jumamosi jioni familia iliingia katika sauna, chumba kidogo cha mbao chenye mawe ya moto nyuma ya nyumba. Katika ukoo wa Rasku kulikuwa na sheria moja tangu babu zao walipotoka Ufini: ndani ya sauna mtu hukaa kama yuko kanisani. Hakuna kupaza sauti, hakuna kugombana. Tilda alikuwa ameisubiri sauna siku mbili.

“Baba. Mama,” alisema, akiwa amejifunga taulo. “Jumatatu nilivuta kamba.”

“Kamba gani?” baba aliuliza.

“Ya bwawani. Nilikuwa naishika naivuta. Ndiyo maana nilienda haraka. Halafu Alhamisi nikamwambia kocha naumwa tumbo, na siumwi.”

Baba alichukua kata, akachota maji, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukafuka. Akamwaga tena. Akamwaga tena.

“Wade, utatupika,” mama alisema.

“Nimebandika papa kwenye gari,” baba alisema polepole.

“Najua, baba.”

“Papa mkubwa.”

“Najua.”

“Kazini nimewaambia wote. Hata yule wa kreni asiyesikia vizuri. Nilimwambia mara mbili.” Akapangusa jasho usoni. “Na kwa nini unatuambia humu ndani?”

“Kwa sababu humu huruhusiwi kugomba.”

Mama alijifunika mdomo kwa taulo, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Baba alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka hadi akakohoa kwa mvuke.

“Papa nitambandua,” alisema. “Gundi ni gundi tu.”

“Lakini Kocha Brandt hatakuwa ndani ya sauna, Tilda,” mama alisema kwa upole. “Huyo utamwambia huko huko bwawani. Sisi tutakuwa mlangoni.”

Jumatatu Tilda alitembea ukingoni mwa bwawa kubwa hadi kwa Kocha Brandt. Kundi la Bluu lilikuwa majini likipasha misuli.

“Kocha, kasi ile haikuwa yangu,” alisema. “Nilivuta kamba. Na tumbo halikuniuma. Samahani.”

Kocha Brandt aliishusha saa yake. “Nani alikufundisha kuvuta kamba?”

“Mikono ni yangu, kocha.”

Majini, Dessa aliinua miwani yake. Uso ulikuwa mwekundu. “Ni mimi, kocha! Mimi nilimwambia. Na mimi pia huwa navuta. Siku nyingine.”

“Basi nyote wawili,” Kocha Brandt alisema. “Katikati ya njia, mbali na kamba. Chali. Twende.”

Waliogelea. Dessa alifika kwa kasi ile ile ya siku zote, akashangaa mwenyewe kwamba hakuhitaji kamba kamwe. Tilda alifika nyuma sana, amepinda kidogo, lakini bega la kushoto likiwa macho. Alipoinua kichwa, kocha alikuwa amechutama mbele yake.

“Hiyo nafurahi kuiona,” alisema. “Alhamisi nilitafuta nilikosea wapi kukufundisha. Nilikuwa namfundisha msichana ambaye hayupo. Sasa huyu aliyepo namjua. Ukitaka kukaa Papa, Kundi la Kijani lina nafasi yako, wala si adhabu. Au unafikiria Fisimaji? Nadine anajua kufundisha chali kuliko mimi, lakini usimwambie nimesema.”

Tilda aliwatazama wazazi wake mlangoni. Baba aliinua mabega, kana kwamba anasema: mwogeleaji ni wewe.

“Fisimaji,” Tilda alisema. “Kule nimeanza kujifunza kitu, nataka kukimaliza.”

Dessa alimsogelea majini akamkumbatia, akimrushia maji usoni. “Utanikuta kwenye mashindano. Na nitakushinda.”

“Mwaka huu tu,” Tilda alisema.

Nje, mama alimvalisha kofia ya sufu juu ya nywele mbichi, akamshika mashavu.

“Sikia, mwanangu. Mahali pazuri kwa mtoto ni pale anapoweza kukosea mbele ya watu, akarekebishwa, akajaribu tena. Ukijionyesha kuwa bora kuliko ulivyo, hakuna atakayejua akusaidie wapi. Leo umesema ukweli, na umeona ni watu wangapi walikuwa tayari kukusaidia.”

Kesho yake Tilda alishuka ngazi za shule ya zamani akikimbia. Hata kabla hajafungua mlango alimsikia Kocha Nadine akiita majina kwa sauti ya kuvuka ziwa, na katikati ya majina hayo likaitwa la kwake.

“Nipo!” Tilda aliitika, akaingia.