Visu Juu ya Jabali

Injini ilikohoa, ikazima. Edwin, nahodha, aliivuta kamba yake hadi kiganja kikachubuka, lakini haikuwaka tena. Nyuma yao Kibara ilikuwa imeshamezwa na mvua. Mbele, upande wa Musoma, wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya ziwa.

"Shikeni ubao!" akapiga kelele.

Hyasinta alishika. Alikuwa fundi cherehani, anakwenda Musoma kumwona dada yake aliyejifungua, na tangu wang'oe nanga roho yake ilikuwa juu juu. Hakuwa na wasiwasi na mawimbi. Alikuwa na wasiwasi na abiria mwenzake, mwanaume mrefu asiyezungumza, aliyelikumbatia sanduku la mbao lililofungwa kamba. Siku hizo majambazi walikuwa wakipora injini ziwani, na watu walisema huwa wanapandaga kama abiria.

Wimbi likaibeba boti, likaibamiza kwenye jabali. Mbao zikapasuka. Hyasinta alizama, akameza maji, akaibuka na kuparamia mwamba kwa kucha. Alipopata pumzi alijikuta juu ya kisiwa cha mawe matupu kinachonuka mavi ya ndege. Yule mrefu alikuwa akimburuta Edwin kutoka majini. Akamlaza, halafu akarudi kwenye mawimbi yale yale kulifuata sanduku lake.

Paja la Edwin lilikuwa limechanika. Hyasinta alirarua khanga yake, akafunga.

"Kaza zaidi," Edwin alisema, meno yakigongana. "Na maji ya kunywa mchote upande ule wa upepo. Huku machafu."

Aliposhuka kuchota, Hyasinta aliona gogo likielea karibu na mawe. Kisha gogo likafumba jicho. Alirudi juu akitambaa kinyumenyume.

"Mamba," alisema. "Amesikia damu."

Yule mrefu alilivuta sanduku lake karibu. Alifungua kamba, akafunua sanduku. Ndani mlijaa visu.

Hyasinta alisimama. "Ulimwambia nahodha ni vyombo!"

"Ningesema visu, nani angenipakia? Naitwa Mihayo. Nauzaga minadani, Bunda na Butiama." Akasogea pembeni, akamwachia sanduku. "Chagua kimoja, dada. Giza linakuja."

Hyasinta alipiga magoti. Mkono wake ulikwenda kwanza kwenye kisu cha kukunja, kidogo, cha kuficha kiunoni.

"Hicho achana nacho," Mihayo alisema. "Mchanga ukiingia hakifunguki. Ukichoma kwa nguvu kinajifunga, kinakukata wewe vidole."

Akachukua kirefu, karibu sawa na panga.

"Hicho kinatisha macho tu. Mtu akishakuwa kifuani kwako, utakigeuzia wapi?"

Hyasinta aliinua uso. Hakuwa amesema habari za mtu. Mihayo alikuwa akimtazama kwa utulivu.

"Unachagua cha mamba, au cha mimi?"

"Cha yeyote atakayenisogelea."

Mihayo aliitika kwa kichwa, kama muuzaji aliyesikia shida ya mteja. Alipekua chini, akatoa kisu kifupi chenye ala ya ngozi. "Basi chukua hiki. Tazama, chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini, kimepigwa misumari. Hapa kuna kizuizi, mkono hautelezi kwenye makali. Uloweshe mkono kwanza, halafu ukamate."

Aliulowesha. Akakamata. Kilikaa vizuri kiganjani, na jambo hilo lenyewe likamwongezea hofu. Mtu gani humsaidia mwenzake kuchagua kisu cha kumchoma yeye?

Mihayo akachukua chake, akampa na Edwin kimoja. Usiku wote walikaa mbali mbali, migongo kwenye mawe. Jiwe likiporomoka, wote watatu walishtuka na visu mkononi, na kila mmoja aliwatazama wenzake kabla ya kuyatazama maji.

Asubuhi Edwin alikuwa na homa, midomo imepauka. Ndipo waliposikia injini. Boti ya wavuvi wa dagaa ilikuwa ikirudi mwaloni kushusha samaki.

Hyasinta aliruka juu, akakichomoa kisu, akakizungusha juani king'ae. Mihayo naye akafanya hivyo. Boti ikageuka kuwajia. Ikakaribia hadi sura zikaonekana. Ghafla ikapunguza mwendo, na mtu wa mbele akaokota panga.

"Wana visu hao!" alipiga kelele. "Rafaeli, geuza! Geuza!"

"Tumezama!" Hyasinta alilia. "Tuna mgonjwa!"

"Wote wanasemaga hivyo!"

Boti ilianza kugeuka. Mihayo alikirusha kisu chake mbali ziwani. Akainama, akamnyang'anya Edwin chake, akakirusha. Halafu akaliinua sanduku zima, biashara yake yote, akalipindua. Visu vikamwagika majini vikimeta.

Alibaki Hyasinta. Vidole vilikataa kufunguka. Mbele yake alikuwepo mwanaume asiyemjua, na chini ya mawe mamba.

"Dada," Mihayo alisema, mikono wazi. "Wanaondoka."

Akakitupa.

Boti ikasimama, lakini mbali. "Hatusogei kwenye miamba! Njooni wenyewe!"

Mihayo alimshika Edwin makwapani, Hyasinta akamshika miguu, wakaingia. Maji yalifika magotini, kiunoni, kifuani. Upande wa kushoto kitu kizito kiliteleza kutoka kwenye jiwe, kikazama bila kelele.

"Usitazame," Mihayo alisema. "Nitazame mimi."

Alimtazama. Aliona midomo yake ikitetemeka, akajua kwamba naye anaogopa, pengine kumshinda. Walikwenda hivyo, jicho kwa jicho, hadi mikono ya wavuvi ikamkamata Edwin mabegani, kisha yeye, mwisho Mihayo. Mtu wa mbele aliyapiga maji kwa kasia hadi walipotoka pale.

Musoma, bajaji ilisimama mwaloni kumpeleka Edwin hospitali. Walimwingiza, Hyasinta akapanda. Mihayo alibaki amesimama mchangani, nguo zikichuruzika, hana hata cha kubeba.

"Unangoja nini, kaka?" Hyasinta aliuliza. "Panda."

Alipanda. Bajaji ilianza kupanda barabara ya mjini ikirukaruka kwenye mashimo, na kabla haijafika lami Hyasinta alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa chake kimeegemea bega la Mihayo.